Shahada ipi inamfaa anayetaka kuhudumia mgonjwa kabla hajafika hospitali?

Kijana wa Kimara anauliza:

Nawasalimu nyote, na kwa walionitangulia umri, shikamooni. Nimemaliza kidato cha sita kwa tahasusi ya PCB, na matokeo yangu yananiwezesha kuomba kozi nyingi za afya, ingawa kwa ushindani ulivyo sijipi matumaini makubwa ya kupata udaktari, na kusema kweli siutamani sana. Kazi ninayoitaka ni ya mtu anayemfuata mgonjwa pale alipoangukia, akamhudumia papo hapo na kumfikisha hospitali akiwa bado anapumua; kazi ambayo katika nchi nyingine anayeifanya huitwa paramediki.

Wazo hili sikulipata kwenye televisheni. Mwaka juzi, jioni, pale Kimara Korogwe, bodaboda iligongana na gari dogo mbele yetu. Tulikuwa vijana sita hivi. Tulimwinua abiria wa bodaboda kwa kumshika mikono na miguu, tukamwingiza kwenye bajaji huku kichwa chake kikining'inia upande wa mlangoni, nami nikakaa nimemshika kiunoni asidondoke. Njia nzima nilikuwa najiuliza kama nilipaswa kushika kiuno au kichwa, na hapakuwa na wa kunijibu. Alipona, lakini daktari alimwambia mama yake kwamba shingo iliponea chupuchupu.

Sasa nina njia tatu mbele yangu. Ya kwanza ni Shahada ya Uuguzi hapa hapa Dar es Salaam, miaka 4, ambayo naweza kuiombea mkopo Bodi ya Mikopo. Ya pili ni shahada ya huduma za tiba ya dharura nchini Afrika Kusini, nayo ya miaka 4. Mjomba wangu anaishi Johannesburg na yuko tayari kunipa chumba na chakula, ila ada itatoka nyumbani. Ya tatu nimeletewa na wakala mmoja hapa mjini, ambaye ananiambia kwamba nchini India ipo shahada ya miaka 3 inayoitwa "paramedikali", ada yake ni nafuu, na nafasi atanipatia ndani ya mwezi mmoja nikitanguliza malipo ya kushikia nafasi.

Baba ni mstaafu na wadogo zangu wawili bado wako shuleni, kwa hiyo nikikosea safari hii hakuna fungu la pili. Naomba wenye uzoefu wanieleze ni ipi kati ya hizi itakayonifikisha kwenye kazi yenyewe, na si kwenye cheti tu.

Muuguzi wa Zamu ya Usiku:

Marahaba, mdogo wangu, na hongera kwa matokeo. Mimi ni muuguzi katika idara ya dharura ya hospitali moja ya umma hapa jijini, na huu ni mwaka wangu wa tisa.

Wewe umeanza na jina la shahada. Mimi ningeanza na leseni. Hapa nchini mtu haruhusiwi kumgusa mgonjwa kwa sababu ana shahada, bali kwa sababu baraza la taaluma yake limemwandika kwenye daftari lake na kumpa leseni. Mwenye Shahada ya Uuguzi husoma miaka 4, hufanya utarajali wa mwaka 1, na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania humsajili. Njia hiyo ni ndefu, lakini kila hatua yake inajulikana, na ukikwama kuna ofisi ya kuiendea. Katika magari ya wagonjwa niliyoyapanda, nami nimepanda mengi, aliyekaa nyuma na mgonjwa alikuwa muuguzi, mara chache tabibu, na kuna siku nilizopokea mgonjwa aliyeletwa na dereva na shangazi yake tu.

Hata hivyo sitaki ufikiri kwamba shahada hiyo itakufundisha kazi ya ndani ya gari. Itakupitisha wodi ya watoto, afya ya akili, ukunga, afya ya jamii na uongozi wa wodi. Dharura ni kipande kidogo ndani yake. Nikupe mfano. Usiku mmoja wa mvua tulikuwa tunampeleka Muhimbili mama aliyejifungua na kuendelea kuvuja damu. Dripu niliishika kwa mkono wa kushoto kwa sababu ndoano yake ilikuwa imevunjika. Kwa mkono wa kulia nilikuwa nausugua mfuko wa uzazi kupitia tumboni ili ukaze. Nilipotaka kufungua oksijeni, nikakuta mtungi umejaa lakini spana ya kuufungulia haimo. Dereva alisimama Magomeni, akachukua koleo kwenye boksi lake la vifaa, akaufungua. Yule mama alifika, na watu wa zamu wakamwahi. Darasani nilifundishwa vizuri sana namna ya kuzuia damu ya baada ya kujifungua, lakini sikumbuki siku niliyofundishwa kwamba kabla gari halijaondoka nihesabu spana. Wanaosoma kozi ya dharura ya kwenye magari huanza zamu kwa kukagua gari, kifaa kimoja baada ya kingine, na mimi somo hilo nililipata pale Magomeni.

Kwa hiyo ushauri wangu unaelekea kwenye uuguzi, ila kwa sharti moja: uingie ukijua kwamba mambo ya dharura utayaongezea mwenyewe. Idara ya dharura ya Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifunguliwa mwaka 2010, na mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kikaanza kufundisha madaktari bingwa wa tiba ya dharura, ambao wa kwanza walihitimu mwaka 2013. Tangu hapo hata sisi wauguzi tumepata watu wa kujifunza kwao. Chuo hicho kina pia shahada ya uzamili ya uuguzi wa wagonjwa mahututi na majeruhi. Wenzangu wawili wameipitia, na wakiwa zamu utawajua bila kuambiwa.

Ipo njia nyingine ambayo hukuitaja, nayo ni stashahada ya utabibu ya miaka 3. Tabibu anaruhusiwa kupima na kuandika dawa, jambo ambalo linasaidia sana ukiwa peke yako na mgonjwa. Kwa mwenye matokeo kama yako wazazi wengi hawapendi kusikia neno stashahada, lakini uiweke akilini.

Mtoto wa Temeke:

Nilisoma shahada hiyo ya Afrika Kusini, kwa hiyo nitaieleza kama nilivyoiona, pamoja na yale ambayo hayamo kwenye kurasa za matangazo ya vyuo.

Kule kazi hii ina ngazi tatu zinazotoka vyuoni: cheti cha juu cha mwaka 1, stashahada ya miaka 2 na shahada ya miaka 4. Zamani watu waliingia kwa kozi fupi za wiki au miezi kadhaa. Milango hiyo imefungwa. Shahada inatolewa katika vyuo vinne ninavyovifahamu: University of Johannesburg, Durban University of Technology, Cape Peninsula University of Technology na Nelson Mandela University. Tangu ukiwa mwanafunzi unaandikishwa katika baraza lao la taaluma za afya, na kila ngazi ina orodha ya dawa na taratibu inazoruhusiwa. Tofauti kati ya ngazi ni kubwa kuliko inavyosikika. Mwenye shahada, kwa mfano, ndiye anayeruhusiwa kumlaza majeruhi kwa dawa na kumlegeza misuli ili ampitishie mpira wa hewa kooni pale pale barabarani. Huyo mtu umemnyang'anya uwezo wa kupumua kwa mkono wako mwenyewe, na usipoweza kumpitishia ule mpira, huna daktari wa kumwita. Ndiyo maana wanakukalisha miaka 4.

Jambo ambalo wazazi hawalitarajii ni mtihani wa mwili. Kabla ya kupokewa unapimwa mbio, nguvu na kuogelea, kwa sababu ndani ya shahada hiyo kuna uokoaji: kumtoa mtu kwenye gari lililobanwa, kumshusha kwa kamba kutoka mlimani, kumfuata majini. Nilikulia Temeke, bahari naisikia harufu yake, lakini nilikuwa sijui kuogelea hata kidogo. Binamu yangu alinifundisha Kigamboni kwa wiki tatu, nikimeza maji kila jioni. Nawe anza sasa, usisubiri barua.

Mafunzo kwa vitendo hufanyika kwenye magari ya kweli, usiku na mchana. Nakuambia bila kukuficha kwamba kuna maeneo, hasa Cape Town, ambako magari ya wagonjwa hushambuliwa na wahalifu na hulazimika kusindikizwa na polisi kabla ya kuingia. Mama yangu hakulijua hilo hadi nilipohitimu.

Sasa nije kwenye sehemu inayokuhusu zaidi. Niliporudi Dar es Salaam na vyeti vyangu, afisa aliyenipokea katika ofisi moja alisoma jina la shahada yangu mara mbili, akavua miwani, akaniuliza: "Wewe ni muuguzi au daktari?" Nilimjibu kwamba si huyu wala si yule, na hapo ndipo shida ilipoanzia, kwa sababu fomu iliyokuwa mbele yake haikuwa na kisanduku cha tatu. Ilichukua muda mrefu, barua nyingi na gharama ambayo sikuwa nimeitenga. Leo nafanya kazi kwenye kikosi cha dharura cha mgodi mmoja Kanda ya Ziwa, na shahada yangu inaheshimiwa, kwa sababu migodi, ndege za kusafirisha wagonjwa na kampuni za usalama kazini zinaijua. Hospitali za umma zilikuwa bado hazijaizoea wakati narudi.

Kama utachagua njia hii, fanya mambo mawili kabla ya kununua tiketi. Kwanza, pata Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania ile hati ya kutokuwa na pingamizi inayotolewa kwa wanaokwenda kusoma nje, maana ukirudi utawahitaji tena wakutambulie shahada. Pili, chapisha mtaala wote wa chuo, si ukurasa wa kwanza tu, uupeleke kwa baraza la hapa nyumbani na uombe jibu la maandishi kuhusu watakavyokusajili. Mimi nilifanya hilo baada ya kurudi.

Mzee wa Tabata:

Kijana wangu, waliotangulia wamesema vizuri. Mimi nitajibu njia yako ya tatu peke yake, kwa kuwa ilitupitia katika familia.

Neno hilo "paramedikali" si sawa na "paramediki", na herufi hizo chache ndizo zilizotugharimu. Nchini India neno hilo hutumika kwa kundi zima la kada za afya zisizo udaktari wala uuguzi: maabara, mionzi, chumba cha upasuaji, usafishaji wa damu kwa wenye figo mbovu, na nyinginezo. Mtoto wa dada yangu alikwenda na ndoto kama yako. Wakala alimwonyesha picha ya gari la wagonjwa lenye taa nyekundu, sisi tukaiona taa, hatukusoma orodha ya masomo. Alipofika akakuta amesajiliwa teknolojia ya maabara. Si kozi mbaya, na leo anaishi nayo, ila hajawahi kupanda gari la wagonjwa isipokuwa siku alipougua malaria.

Haki isemwe kwamba India wanayo huduma ya magari ya wagonjwa iliyo kubwa, inayoitwa kwa namba 108, iliyoanzia Hyderabad mwaka 2005 na kuenea katika majimbo mengi. Zipo pia shahada zao zenye neno la dharura na majeruhi ndani ya jina lake. Kama wakala wako anakupeleka kwenye mojawapo ya hizo, atakuonyesha jina kamili la shahada kama litakavyoandikwa kwenye cheti, siyo kama linavyoandikwa kwenye bango. Mwombe hilo kwanza. Na malipo ya kushikia nafasi yasitoke kwenye kiinua mgongo cha baba yako kabla hujalipata.

Dada wa Mbagala:

Niongeze machache nikiwa Uingereza, ingawa hukuitaja. Huku jina "paramediki" linalindwa na sheria, hakuna anayelitumia bila kusajiliwa, na tangu mwaka 2021 anayetaka kusajiliwa kwa mara ya kwanza kupitia masomo ya hapa anapaswa kuwa na shahada, ambayo kwa kawaida ni ya miaka 3. Lakini vyuo kadhaa havipokei wanafunzi wa kutoka nje kwenye kozi hii, kwa sababu nafasi za mafunzo kwenye magari ya wagonjwa ni chache. Australia nao walianza kuwasajili kitaifa Desemba 2018, na wana vyuo vinavyounganisha uuguzi na uparamediki ndani ya shahada mbili zinazosomwa kwa pamoja kwa miaka 4. Ada zake sizitaji, nisikukoseshe usingizi. Nimezitaja nchi hizo kwa sababu ukitazama walivyounganisha, utaona kwamba uuguzi na kazi unayoitaka si maadui.

Dereva wa Gari la Wagonjwa:

Mimi sina shahada. Naendesha gari la wagonjwa hapa Dar es Salaam mwaka wa kumi na mbili, na naomba niseme kuhusu jambo ambalo wasomi wameliruka.

Kijana anataka kumfikia mgonjwa alipoangukia. Kazi yetu kubwa hapa, kwa niliyoiona mimi, si kumfuata mtu barabarani. Ni kumhamisha kutoka hospitali ndogo kwenda kubwa. Majeruhi wa barabarani anafika kwa bajaji, kwa gari la msamaria au nyuma ya gari la polisi, kama alivyosimulia mwenyewe. Hata mfumo wa m-mama, ule wa simu ya bure 115 kwa ajili ya wajawazito na watoto wachanga, gari la wagonjwa lisipopatikana humwita dereva wa kawaida wa jamii aliyeandikishwa, na huyo hulipwa kwa safari. Kwa hiyo akisoma miaka 4 namna ya kumtoa mtu kwenye gari lililobanwa, aelewe kwamba simu atakazopokea nyingi zitatoka kwa muuguzi wa hospitali ya wilaya, siyo kwa mtu aliyesimama kando ya barabara.

Namwambia pia kuhusu foleni. Kutoka Kimara hadi Muhimbili saa kumi na mbili jioni, king'ora kinalia na magari hayana pa kupisha, nimewahi kutumia muda ambao mchana wa Jumapili ningekwenda na kurudi. Nyuma kuna mtu na mgonjwa wake. Katika muda huo ninayemtaka ni anayejua la kufanya bila kunigongea kioo aniombe niongeze mwendo. Wauguzi wa namna hiyo nimewapata wawili au watatu, na mmoja ndiye yule wa spana; nadhani nimemjua kwa kisa chake, na koleo lile bado ninalo.

Muuguzi wa Zamu ya Usiku:

Kaka, nilijua tu kwamba ipo siku utalitaja koleo. Siku hizi spana naifunga kwa bandeji kwenye shingo ya mtungi.

Kwa mdogo wangu: maneno ya dereva kuhusu kuhamisha wagonjwa yazingatie sana, kwa sababu yanapunguza umbali kati ya njia yako ya kwanza na ya pili. Mgonjwa anayehamishwa ana dripu, ana dawa zinazoendelea, ana faili na ana kidonda kilichofungwa na mtu mwingine. Hapo muuguzi yuko nyumbani kwake. Majeruhi wa Kimara Korogwe ndiye anayemhitaji mtu aliyesoma kama Mtoto wa Temeke. Jiulize ni yupi kati ya hao wawili unayemwona ukifumba macho.

Kijana wa Kimara:

Nawashukuru wote, na shikamoo tena kwa Mzee wa Tabata na kwa dereva. Nimewasomea wazazi majibu haya jana usiku, na baba ameomba nirudie mara mbili sehemu ya kisanduku cha tatu.

Nikifumba macho namwona yule wa kwenye bajaji, sitawadanganya. Lakini ada ya miaka 4 ya nje siwezi kuitegemeza kwenye fomu ambayo haina mahali pa kuniandika. Nimeamua kuomba Shahada ya Uuguzi katika dirisha hili la udahili, na wakati huo huo kuandika barua kwa baraza pamoja na mtaala wote wa chuo kimoja cha Afrika Kusini, ambao mjomba ameahidi kunichapishia na kunitumia. Jibu likija na kisanduku ndani yake, nitakuwa nimepoteza mwaka mmoja tu wa kubadili njia. Lisipokuja, nitakuwa tayari wodini. Kuogelea naanza Jumamosi hii Kigamboni, kwa vyovyote itakavyokuwa.

Wakala nilimpigia leo asubuhi, nikamwomba aniandikie jina kamili la shahada kama linavyokaa kwenye cheti, pamoja na jina la baraza litakalonisajili nikihitimu. Aliniambia kwamba nafasi zinakwisha Ijumaa, na kwamba mambo ya cheti tutayazungumza nikishalipa.